Sitara ya Stockholm

Katikati ya mji wa Stockholm iko bustani kongwe iitwayo Humlegården, na ndani ya bustani hiyo, kati ya miti mirefu ambayo majira ya baridi huiacha mitupu kama milingoti ya majahazi yaliyopandishwa ufukoni, limesimama jengo la Maktaba ya Kifalme, lililofunguliwa kwa wasomaji mwaka 1878. Katika hazina ya maktaba hiyo zimo barua ambazo Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza duniani kupewa tuzo ya Nobel ya fasihi, alimwandikia mwandishi mwenziwe, Sophie Elkan, tangu walipojuana mwaka 1894 hata Elkan alipofariki mwaka 1921. Lagerlöf mwenyewe alifariki Machi 1940, na barua hizo zilikuwa zimefungwa kwa sharti kwamba zisisomwe mpaka ipite nusu karne baada ya kifo chake. Ilipotimu 1990 zikafunguliwa, wasomi wakakuta ndani yake maneno ya shauku, ya wivu na ya kusihi ambayo bibi yule, aliyeheshimiwa na taifa zima hata sura yake ikatiwa katika noti ya kronor 20, hakupata kuyatamka hadharani katika uhai wake. Na nje ya kuta za maktaba, katika vijia vya bustani ile ile na katika zama zile zile, wanaume wa kila tabaka, karani na askari, fundi na mwana wa ukoo, walikuwa wakikutana usiku, wakijuana kwa kutazamana mara ya pili na kuombana moto wa sigara, huku masikio yao yakisikiliza kama viatu vya polisi vinakaribia.

Nimeanza na bustani hiyo kwa kuwa siku hizi umezuka mjadala, Ulaya na Marekani, na mwangwi wake umefika hata pwani kwetu, juu ya jambo ambalo takwimu zinalionyesha bila kificho: kwamba kadiri mtu alivyozaliwa karibuni, ndivyo ilivyo rahisi kwake, aulizwapo, kujibu kuwa anawapenda watu wa jinsia yake, au kwamba moyo wake hauchagui kati ya mwanamume na mwanamke. Nchini Marekani, ambako shirika la Gallup huuliza swali hilo mwaka baada ya mwaka, majibu ya 2021 yalipangika kama vidato vya ngazi. Miongoni mwa waliozaliwa kabla ya 1946, waliojitaja kuwa watu wa namna hiyo, pamoja na wachache waliobadili jinsia, walikuwa asilimia 0.8, miongoni mwa watoto wa miaka iliyofuata vita vikuu, asilimia 2.6, waliozaliwa kati ya 1965 na 1980, asilimia 4.2, wadogo zao, hadi waliozaliwa 1996, asilimia 10.5, na vijana waliozaliwa tangu 1997, asilimia 20.8, yaani mmoja katika kila watano. Uingereza na Wales, katika sensa ya mwaka huo huo, zilipata asilimia 3.2 ya watu wazima wote, lakini asilimia 6.9 ya wenye umri wa miaka 16 hadi 24. Sweden haiulizi jambo hili katika daftari lake la wakazi, ingawa daftari hilo hujua karibu kila kitu kingine. Huliuliza katika tafiti za afya, na humo namo mteremko ni ule ule, hasa kwa wanawake vijana wanaosema kuwa wanapenda jinsia zote mbili.

Watu wamegawanyika makundi mawili katika kulifasiri jambo hili. Wako wasemao kwamba dunia imeharibika na vijana wameambukizana fikira. Na wako wasemao kwamba idadi haikupata kubadilika tangu dahari, ila hofu imeondoka na ndimi zimefunguka. Mimi sikukusudia kutoa fatwa, wala makala haya si mahali pake. Lakini naona kwamba makundi yote mawili yanakosea pamoja katika kuliacha swali lenyewe bila kulichunguza. Kuulizwa na karani wa takwimu wewe u mtu wa namna gani ni desturi, na desturi ina tarehe yake. Na ni miji michache ambamo tarehe hiyo imeandikwa kwa uwazi, amri kwa amri na mwaka kwa mwaka, kama ilivyoandikwa Stockholm.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya sitara. Wahenga walisema lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Hawakusema kwamba lisilosemwa halipo. Katika miji yetu mambo mengi yamekaa kwa karne kati ya kujulikana na kutamkwa, na jirani mwenye adabu alijua mengi kuliko aliyoyauliza. Hata neno shoga, ambalo mwanamke wa Kiswahili hadi leo humwita mwanamke mwenziwe bila ya waa lolote, limepata mjini maana nyingine kabisa, kiasi kwamba kijana akilisikia kwa bibi yake hucheka, na bibi asijue kinachomchekesha. Basi Stockholm nayo ilikuwa na sitara yake, na ajabu ni kwamba sitara hiyo ilianza kwa amri ya serikali.

Sheria kuu ya Sweden ya mwaka 1734, iliyoorodhesha dhambi za mwili kwa uangalifu mkubwa, haikutaja hata kwa neno moja kosa la mwanamume kulala na mwanamume. Haikuwa kwa huruma. Walioitunga waliona kuwa ni heri jambo hilo lipitwe kimya, kana kwamba halijulikani, kuliko kulitaja na kumfundisha mwananchi asichokijua. Na mahakimu walipolikuta walitafuta njia zao wenyewe za kulihukumu. Kimya hicho kilidumu kwa miaka 130, mpaka sheria ya jinai ya 1864, katika sura yake ya 18, ilipoweka adhabu ya kifungo cha kazi ngumu kisichozidi miaka miwili kwa yeyote atakayefanya na mtu mwingine uasherati ulio kinyume cha maumbile. Na katika kifungu hicho hicho, bila hata kuanza mstari mpya, ikaweka adhabu ya anayefanya hivyo na mnyama. Sheria ilisema mtu, haikusema mwanamume, na kwa hiyo wanawake nao waliingia chini yake, jambo ambalo sheria ya Uingereza, iliyokuja kurithiwa na Afrika ya Mashariki, haikulifanya.

Mtu aliyezaliwa chini ya sheria hiyo hakuwa na jawabu la kumpa karani yeyote, kwa kuwa karani wa pekee aliyeuliza alikuwa wa mahakama. Hata hivyo alikuwako mtu mmoja aliyejibu kabla ya kuulizwa, naye hakuwa profesa wala mshairi: alikuwa mfua chuma. Eric Thorsell, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Surahammar, kaskazini magharibi ya Stockholm, alijitafutia elimu kwa vitabu vya kukopa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisafiri mpaka Berlin, akakaa katika taasisi ya tabibu Magnus Hirschfeld, aliyekuwa akichunguza mambo haya kwa njia ya sayansi. Aliporudi kwao, mwaka 1933, mwaka ule ule ambao wafuasi wa Hitler waliivamia taasisi ya Hirschfeld na kuvichoma vitabu vyake, Thorsell alisimama mbele ya wafanyakazi wenziwe akatoa mhadhara kuuliza kama watu wa namna yake walikuwa wahalifu au wendawazimu. Nimewaza mara nyingi juu ya ukumbi ule: wanaume wa tanuri wenye mikono iliyoungua, wanaomfahamu tangu utotoni, wakimsikiliza mwenzao akilitaja jambo ambalo sheria kongwe ya nchi yao iliona haya kulitaja. Mwaka huo huo profesa wa sheria wa Uppsala, Vilhelm Lundstedt, mbunge wa chama cha Social Democrat, alipeleka bungeni hoja ya kuifuta adhabu hiyo. Mfua chuma na profesa walikuwa wakisukuma mlango mmoja.

Stockholm ya miaka hiyo ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na wanawake wengi walioajiriwa maofisini walikaa wawili wawili katika vyumba vidogo kwa kugawana kodi. Katika majengo ya mji huo, majina ya ukoo ya wakaao huandikwa mlangoni, juu ya tundu la kupitishia barua. Na majina mawili ya wanawake katika mlango mmoja hayakumshughulisha mtu, kwa kuwa yalikuwa na sababu iliyo wazi ya uchumi. Katika chumba cha namna hiyo aliishi mshairi Karin Boye pamoja na Margot Hanel, mwanamke aliyekutana naye Berlin. Na humo, mwaka 1940, aliandika riwaya yake Kallocain, hadithi ya dola inayotengeneza dawa ya sindano ambayo kila adungwaye husema ukweli wa moyo wake wote, apende asipende. Wasomaji wameichukua riwaya hiyo kuwa ni onyo dhidi ya Berlin na Moscow, na ni kweli. Lakini sioni kama ni bahati tupu kwamba hofu ya siri kutolewa kifuani kwa nguvu iliandikwa na mtu ambaye siri yake mwenyewe ilikuwa na bei ya miaka miwili ya kazi ngumu. Boye alijiua Aprili 1941, na Hanel akamfuata baada ya muda mfupi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 1944, wakati Ulaya yote inaungua, Sweden iliyokaa nje ya vita ilifuta adhabu hiyo kwa watu wazima. Asidhani mtu kwamba ilikuwa ni siku ya sherehe. Umri wa ridhaa uliwekwa miaka 18, na 21 katika hali fulani, ilhali kwa mwanamume na mwanamke ulikuwa 15, na tofauti hiyo haikuondolewa mpaka 1978. Na hoja iliyoshinda bungeni ilikuwa kwamba watu hawa ni wagonjwa, na mgonjwa hapelekwi gerezani. Almuradi walitolewa mikononi mwa hakimu wakatiwa mikononi mwa tabibu, na tabibu naye ana daftari lake.

Tarehe 21 Oktoba 1950, kundi dogo la wanaume na wanawake, wakiongozwa na Allan Hellman, walianzisha chama, mwanzoni kama tawi la chama cha Denmark, ambacho baadaye kilijulikana kwa herufi RFSL na ambacho kingaliko mpaka leo. Siku nane baada ya hapo alifariki mfalme Gustaf wa Tano, aliyetawala tangu 1907. Na haikupita miaka mingi magazeti yakaanza kuzoa habari za Kurt Haijby, mtu wa mikahawa aliyedai kwamba alikuwa na uhusiano na marehemu mfalme na kwamba watumishi wa kasri walikuwa wakimlipa fedha nyingi ili anyamaze. Haijby alihukumiwa mwaka 1952 kwa kosa la kutoza fedha kwa vitisho. Wakati huo huo mchungaji Karl-Erik Kejne alidai kuwa wakubwa wa serikali wanalindana katika mambo haya, na waziri mmoja, Nils Quensel, akajiuzulu. Kwa hiyo kizazi kilichozaliwa katika miaka ya 1920 na 1930, ambacho kisheria kilikuwa huru, kilifikia utu uzima katikati ya vichwa vya habari vilivyolifanya jina lao kuwa jina la njama na uozo wa dola. Chama cha Hellman kilijaribu dawa ya kubadili jina: kikawaita watu wake wenye kupenda wa jinsia yao, kwa neno la Kiyunani lenye upendo ndani yake badala ya lile la matabibu. Neno hilo lilikuwa la upole na la heshima, nalo lilikufa pamoja na waliolipenda.

Mwaka 1967 serikali ya Sweden ilifanya moja ya tafiti za kwanza duniani za kuwauliza watu wa taifa zima habari za unyumba wao, chini ya mwanasosholojia Hans Zetterberg, kwa watu wa miaka 18 hadi 60. Hebu tupige hesabu. Aliyekuwa na miaka 60 siku ile ya kuulizwa alizaliwa 1907; alikuwa na miaka 37 sheria ilipofutwa; alisoma habari za Haijby akiwa na miaka 45; na kwa mujibu wa tabibu wa serikali, siku hiyo angali mgonjwa. Karani anabisha hodi, amevaa koti, ana kalamu. Kama mzee huyo alikuwa na la kusema, angelisema kwa nani, na kwa faida gani? Ndiyo maana mimi huzisoma tarakimu za wazee, za huko na za kokote, kwa uangalifu ule ule ninaoutumia kusoma hesabu za kodi.

Kilichoipindua hali hii Stockholm kilifanyika kwa mzaha, nami nakisimulia kwa raha kwa kuwa ni mara chache serikali kushindwa kwa kicheko. Bunge lilikuwa limetamka mwaka 1973 kwamba watu wawili wa jinsia moja kuishi pamoja ni namna ya maisha inayokubalika kabisa mbele ya jamii. Lakini katika kitabu cha Baraza la Taifa la Afya na Ustawi, kile kinachoorodhesha maradhi yote yanayotambuliwa na dola, hali yao ilibaki imeandikwa miongoni mwa magonjwa ya akili. Ikawa kwamba baadhi yao walipiga simu kazini asubuhi wakasema kwamba leo hawawezi kuja, kwa sababu wanaumwa; na walipoulizwa wanaumwa nini, wakalitaja hilo. Maadamu dola imesema ni maradhi, mfanyakazi mgonjwa ana haki yake. Kisha, tarehe 29 Agosti 1979, katika juma lao la maandamano, kundi la makumi machache waliingia katika jengo la Baraza, wakaketi katika ngazi kuu, wakakataa kuondoka. Mkurugenzi mpya, tabibu Barbro Westerholm, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho, aliwaendea pale ngazini akawaambia kwamba anakubaliana nao. Na mnamo Oktoba mwaka huo huo maradhi hayo yakafutwa kitabuni, miaka 11 kabla Shirika la Afya Duniani halijafanya hivyo. Eric Thorsell, mfua chuma, alikuwa bado hai, ana miaka themanini na ushei. Alifariki mwaka 1980, baada ya kupata kuwa mhalifu, kisha mgonjwa, kisha, kwa miezi michache ya mwisho, mtu.

Vijana waliokaa katika ngazi zile walikuwa watoto wa miaka ya 1940 na 1950, nao walikuwa kizazi cha kwanza kilichoshika hadharani majina ya matusi. Maneno ambayo mitaa ya Stockholm iliwarushia, bög kwa wanaume na flata kwa wanawake, waliyaokota wakayavaa, mpaka makali yake yakafutika kwa kuvaliwa. Leo msomaji wa habari katika televisheni ya taifa huyatamka bila kupepesa macho. Lakini kizazi hicho kilipita katika tanuri jingine. Ukimwi ulionekana Sweden mwaka 1982, na hospitali ya Roslagstull, iliyojengwa zamani kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, ikajaa wanaume vijana, ambao wengi wao jamaa zao waliyajua mambo mawili katika siku moja: kwamba mtoto wao ni wa namna gani, na kwamba anakufa. Mwaka 1987 bunge lilipiga marufuku vilabu vya hamamu walivyokutania wanaume, marufuku iliyodumu hadi 2004. Na mwaka huo huo wa 1987 bunge hilo hilo lilipitisha sheria ya kuwalinda dhidi ya ubaguzi na kuwapa haki za wakaao nyumba moja. Mwandishi Jonas Gardell, aliyezaliwa mwaka 1963, aliisimulia miaka hiyo katika riwaya iliyotoka kuanzia 2012 na kuonyeshwa katika televisheni mwaka huo, na watoto waliokuwa hawajazaliwa wakati wa msiba wakaulia msiba huo sebuleni pamoja na wazazi wao. Anayehesabu wazee leo na akumbuke kwamba anahesabu waliobaki.

Yaliyofuata nitayapita kwa haraka, maana ni habari za kura na mihuri. Maandamano ya kila mwaka yalipata jina la Stockholm Pride mwaka 1998. Ubia uliosajiliwa uliruhusiwa tangu Januari 1995, kuasili watoto 2003, na ndoa kamili tangu tarehe 1 Mei 2009, baada ya wabunge 261 kuikubali na 22 kuikataa.

Lakini kura moja ya mwaka huo inamhusu msomaji wetu zaidi. Tarehe 22 Oktoba 2009, Kanisa la Sweden liliamua kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja makanisani, na Novemba likamweka wakfu Eva Brunne, mwanamke aliyeishi wazi na mwanamke mwenziwe, kuwa askofu wa Stockholm. Kanisa hilo si geni kwetu. Wamisionari wake walihubiri na kujenga katika nchi ya Wahaya. Askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Bukoba, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi, kabla hajampisha Josiah Kibira mwaka 1964. Na Kibaha, nje ya Dar es Salaam, hadi leo ni kumbukumbu ya shule, hospitali na mashamba yaliyoanzishwa kwa fedha za nchi za Kaskazini. Kwa hiyo maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania walipokutana na kutoa, Januari 2010, tamko lijulikanalo kwa jina la Dodoma, la kuikataa ndoa hiyo na kuwakataa wahudumu walioingia katika ndoa hiyo, yalikuwa ni majibu ya watoto kwa mzazi aliyewabatiza. Miaka mitatu baadaye Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia likaukata kabisa uhusiano wake na Kanisa la Sweden. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo mjadala wa vizazi hulisahau: kwamba mtu wa miaka 20 wa Stockholm na mtu wa miaka 20 wa Bukoba, walio wa kizazi kimoja kwa kalenda, huulizwa swali hilo chini ya sheria mbili, na kwamba kwa huyu wa pili sheria iliyoletwa na Mwingereza ingali hai, na jawabu lake laweza kumfikisha gerezani. Jawabu halihesabiwi pasipo kuwako mahali pa kulitolea.

Sasa nirudi kwa makundi yangu mawili. Kundi la pili, lisemalo kuwa hofu tu ndiyo iliyowafunga watu ndimi, lina ushahidi mwingi, nami nimeutaja. Lakini lina tatizo ambalo halilitatui: wazee wa Stockholm nao hofu imeondolewa kwao, ndoa wameruhusiwa, maradhi yamefutwa kitabuni, na bado, katika karatasi isiyo na jina wala uso wa karani, hawajitaji kwa kiasi cha wajukuu wao. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba mtu huchukua jina lake katika umri ule anapojifahamu, na hulibadili kwa shida. Mzee wa Unguja aliyekulia katika rupia aliendelea kuhesabu mahari na deni kwa rupia miaka mingi baada ya shilingi kuingia mwaka 1936. Fedha za mfukoni mwake zilibadilika, ila kipimo cha kichwani hakikubadilika. Mwanamke aliyeishi miaka 40 na rafiki yake, majina mawili mlangoni, huenda hajapata kuliona neno lolote la fomu ya serikali kuwa linamwelezea yeye, na haoni kuwa amesema uongo anapoliruka.

Na kundi la kwanza nalo lina tone la haki ndani ya kelele zake, ingawa si lile linalolidhani. Vijana hawakuambukizwa mapenzi, wamerithi msamiati. Ongezeko kubwa zaidi ni la wasichana wanaojiita wapenda jinsia zote mbili, na wengi wao huishi na wanaume kama walivyoishi mama zao, na fomu haiulizi wanaishi na nani. Fomu yaweza kuuliza mambo matatu yasiyolingana: moyo unamwelekea nani, mwili umelala na nani, na ulimi unajiita nani. Bibi wa msichana huyo pengine alikuwa na moyo ule ule na shoga ambaye hakumsahau mpaka kaburini. Lakini lile la tatu hakulijua kuwa ni swali. Kwa hiyo nasema kwamba ngazi ile ya asilimia 0.8 mpaka 20.8 ni ya kweli, na kila kidato chake ni cha kweli, ila kinachopanda juu yake ni jina. Anayeitumia kuthibitisha kwamba miili imebadilika, na anayeitumia kuthibitisha kwamba hakuna kilichobadilika, wote wawili wanaisoma hati wasiyoijua lugha yake.

Upande wa mashariki wa Stockholm, katika mtaa wa Gärdet, mwaka 2013 zilifunguliwa nyumba za wazee wa namna hii, wenye miaka 55 na zaidi, 27 kwa jumla, katika ghorofa za juu za jengo moja. Nazo huitwa Regnbågen, maana yake upinde wa mvua. Aliyehamia humo akiwa na miaka 80 alizaliwa mwaka ule wa mhadhara wa Surahammar na hoja ya Lundstedt, alikuwa mtoto wa miaka 11 sheria ilipofutwa, na alikuwa mtu wa makamo, miaka 46, siku ya ngazi. Majina ya ukoo ya wakaao katika majengo ya mji huo huandikwa mlangoni, juu ya tundu la barua, kama yalivyoandikwa tangu zamani, na penye wawili huandikwa mawili.